Usanifu wa Mitambo na Tezo ya Chole

Mara nyingi utamaduni wa taifa unapotajwa, mawazo ya wengi hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi, vyakula, na mila za harusi na jando. Hayo yote ni utamaduni, wala sina nia ya kuyapunguzia heshima, kwani mimi mwenyewe ni mtunzi wa mashairi, na kwa miaka mingi nimeitumikia serikali katika kazi za utamaduni hapa kisiwani Mafia. Lakini iko sehemu moja ya utamaduni wetu ambayo haiimbwi wala haichezwi, na kwa sababu hiyo husahauliwa upesi. Nayo ni akili ya mtu anayekiona kitu kabla hakijakuwapo, akakipimia, akakichagulia mali ya kukitengenezea, kisha akakitoa duniani kikafanya kazi. Akili hiyo ndiyo tunayoiita usanifu. Makala haya yanahusu usanifu wa mitambo, kazi niliyoifanya kiwandani nilipokuwa kijana, pamoja na ndugu yake mkubwa, usanifu wa vyombo vya baharini, ambao umekuwa jirani yangu tangu kuzaliwa.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa kwanza. Kusanifu ni kutunga au kutengeneza jambo kwa ustadi. Mshairi husanifu beti, mhandisi husanifu mashine. Tena twasema Kiswahili sanifu, maana yake lugha iliyowekewa kipimo kimoja ili mtu wa Mafia na mtu wa Bukoba waelewane katika barua na katika kitabu; kazi iliyoshikwa na Kamati ya Lugha mwaka 1930, ikaendelezwa baada ya uhuru na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Maana hizo mbili, yaani ustadi wa mmoja na kipimo cha wote, ndizo zinazokutana juu ya meza ya msanifu mitambo. Asiye na ustadi hatoi kitu kipya. Asiye na kipimo cha wote hutoa kitu ambacho hapana mwingine awezaye kukitengeneza tena.

Mwanafunzi asidhani kwamba usanifu ulikuja nchini pamoja na mashine za kigeni. Aingie jikoni kwao aitazame mbuzi ya kukunia nazi. Ina mbao zilizopishana kama mkasi, hufunguliwa ikawa kiti na kukunjwa ikatundikwa ukutani. Mbele yake umechomoza ulimi wa chuma wenye meno, na ncha ya ulimi huo ni ya mviringo kwa sababu tumbo la kifuu nalo ni la mviringo. Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba mbuzi haikupigiliwa msumari sakafuni wala haishikwi na mtu wa pili, na bado haikimbii. Mpishi aketipo juu yake, uzito wake mwenyewe ndio unaoikaza. Aliyeibuni alikuwa amekwisha kujiuliza maswali yote ya msanifu mitambo: nguvu inatoka wapi, inapita wapi, inafika wapi, na ni nini kitakachoishikilia zana mahali pake? Jina lake hatulijui, wala hakuacha mchoro. Kazi yake imedumu kwa kuwa mbuzi zimo katika nyumba nyingi za pwani, na seremala yeyote huweza kuitazama ya jirani akaiiga.

Vyombo vya bahari ni habari nyingine, kwani jahazi haliigwi kwa kutazamwa tu. Ufundi huu ni wa kale. Kitabu kimoja cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 kinataja kisiwa kiitwacho Menuthias, ambako watu walikuwa na vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja. Wataalamu hawajaafikiana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia, lakini habari hiyo yatosha kutuonyesha kwamba mwambao huu ulikuwa na mafundi wake miaka karibu elfu mbili iliyopita. Katika visiwa vyetu, hasa Chole na Jibondo, vyombo vimejengwa ufukoni chini ya vivuli vya miti kwa vizazi vingi. Fundi hulaza mkuku, husimamisha fashini za omo na tezi, huweka mbao za kwanza na mataruma, kisha hupandisha ubao juu ya ubao mpaka chombo kikapata tumbo lake. Mwisho nyufa hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Katika kazi hiyo yote hapana karatasi. Vipimo vya fundi ni mwili wake: wanda, shubiri, dhiraa na pima, shubiri mbili ni dhiraa moja, na dhiraa nne ni pima. Umbo la chombo limo machoni mwake. Husogea nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akasema, ubao huu umeshiba mno, upunguzeni wanda mmoja. Na ukipunguzwa, kila aliyepo huona kwamba alisema kweli.

Mimi nililelewa karibu na kazi hiyo lakini sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1988 katika shule ya ufundi huko bara, ambako uchoraji wa kiufundi ulikuwa somo kama hisabati, na nikaajiriwa kuwa mchoraji msaidizi katika ofisi ya usanifu ya kiwanda kimoja kilichotengeneza zana za kilimo na vipuri. Nchi yetu ilikuwa imeweka mkakati wa viwanda vya msingi tangu mwaka 1975. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilikwisha kuundwa mwaka 1973. TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, likaundwa mwaka 1979. Taasisi ya uhandisi na usanifu mitambo, TEMDO, ikafuata mwaka 1980 huko Arusha, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, mwaka 1981. Shabaha ya jumla ilikuwa moja: Mtanzania asibaki mtumiaji wa mashine iliyofikiriwa na mtu mwingine, bali naye aifikirie yake.

Ofisi yetu ilikuwa na meza zilizoinama, kalamu za risasi ngumu, rula ndefu, na ukimya kama wa maktaba. Nilifundishwa kwamba kitu huchorwa kwa kutazamwa mbele, juu na ubavuni, na kwamba kila kipimo huandikwa mara moja tu, ili siku ya kubadilishwa kisije kikapingana na ndugu yake. Pembeni mwa karatasi huandikwa jina la kitu, mali ya kukitengenezea, idadi, tarehe, na saini za aliyechora na aliyekagua. Mkuu wa ofisi, mzee mpole ambaye hakupata kupandisha sauti, alizoea kusema kwamba mchoro hauna mdomo wa kujitetea. Fundi wa karakana ataushika usiku, wewe umelala. Asipouelewa, kosa si lake. Sheria hiyo niliitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo ya mshairi: ubeti nao husomwa na mtu ambaye hawezi kumuuliza mtunzi.

Siku moja ililetwa shafti ya mashine ya kusagia mahindi, imekatika vipande viwili. Mashine yenyewe ilitoka ng'ambo na kipuri chake hakikupatikana. Akina mama wa kijiji kile walikuwa wamerudi kwenye kinu na mchi. Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi, yaani kupima, kuchora na kupeleka karakana. Kabla sijaanza, mzee wetu alikishika kipande kimoja akasema, "Kijana wangu, kitu kilicholika hakisemi kweli. Kiulize kwa jirani yake." Jirani wa shafti ni beringi. Pale shafti ilipokaa ndani ya beringi, kipimio kilisoma milimita 34.6. Lakini beringi hutengenezwa duniani kote kwa vipimo vilivyoafikiwa, na tundu la ile lilikuwa milimita 35. Basi sehemu iliyopungua ilikuwa ya kulika, haikuwa ya usanifu. Mtu ambaye angechora 34.6 angekuwa ameusanifu ugonjwa wa mashine akaurithisha kwa shafti mpya. Mchoro ulisema 35, pamoja na ziada nyembamba kuliko unywele ili beringi ikae kwa kukazwa.

Likafuata swali la pili: kwa nini imekatika hapa, isikatike pengine? Ilikatika mahali ambapo unene wa shafti ulibadilika ghafula, penye pembe kali. Mzee alinieleza kwamba nguvu ipitayo ndani ya chuma hupenda njia iliyo laini. Ikikutana na pembe kali husongamana kama watu mlangoni, na baada ya mizunguko mingi ufa mdogo huzaliwa pale, ukakua siku hadi siku bila kuonekana. Dawa yake ni kuiviringisha ile pembe kadiri beringi inavyoruhusu. Niliposikia hayo nilimkumbuka fundi mmoja wa Chole ambaye, nilipokuwa mtoto, nilimwona akikataa kuchonga taruma kutoka katika ubao mzuri ulionyooka, akaenda kutwa nzima kutafuta tawi lililopinda lenyewe. Wakati ule nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kumbe ubao ulionyooka ukichongwa kuwa upinde, nyuzi zake hukatwa, na wimbi kali hupasulia pale pale. Bali mti uliopinda ulipokuwa hai una nyuzi zinazozunguka pamoja na umbo, na nguvu hupita ndani yake isipate mahali pa kusongamana. Fundi wa tezo na msanifu wa kiwandani walikuwa wakisema neno moja, kila mmoja kwa lugha ya mali yake.

Tofauti yao iko katika kipimo. Mwenye kutumia dhiraa yake hujenga chombo ambacho ni chake peke yake. Taruma la jahazi moja halitaingia katika jahazi jingine. Kiwandani kipande kilichochongwa Jumatatu na mtu mmoja hapana budi kiingie katika kipande kilichochongwa Ijumaa na mtu mwingine, hata kama hawajapata kuonana. Hapo ndipo usanifu unapofanana na Kiswahili sanifu. Lakini kama vile Kiswahili sanifu kisivyoweza kuishi bila kunywa katika visima vya lahaja, ndivyo mchoro wa kiwandani usivyoweza kuishi bila mtu anayejua mti na chuma kwa mkono.

Katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yalirekebishwa, mengine yakauzwa, mengine yakafungwa. Tume ya Rais iliyopewa kazi hiyo iliundwa mwaka 1992. Kiwanda chetu nacho kilifungwa. Sababu za kiuchumi nawaachia wenye elimu hiyo. Langu ni habari ya makabati. Ofisini mlikuwa na makabati ya michoro ya miaka mingi: majembe ya kukokotwa na ng'ombe, puli, shafti, vipuri vya mashine ambazo waliozitengeneza walikwisha kuacha kuzihudumia. Baada ya kufungwa nilipita sokoni katika mji ule, nikanunua karanga, nazo zilikuwa zimefungwa katika kipande cha mchoro. Niliutambua mwandiko wa mwenzangu na duara za puli tuliyoihangaikia wiki tatu. Mashine za kiwanda ziliuzwa kwa bei; michoro ilitoka kwa kilo. Wahenga wamesema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, iwapo mhunzi yu hai na anaye mwanafunzi. Michoro ile haikufa kwa udhaifu wa karatasi. Ilikufa kwa sababu hapakubaki mtu aliyejua kwamba ilikuwa mali.

Nilirudi Mafia nikaingia katika utumishi wa serikali, na huzuni ya zile karanga haikunitoka. Nilipowatazama mafundi wa Chole niliona hatari ile ile ikiwajia kwa njia nyingine. Mbao nzuri zimekuwa adimu na ghali, boti za faiba zinaongezeka, na vijana wana kazi nyingine za kuwavuta. Fundi mmoja niliyemheshimu sana alikuwa amekaribia miaka themanini, macho yamepungua nuru, na wanafunzi wake walikuwa wawili tu. Nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba aturuhusu kukichora chombo chake. Alikataa kwa upole. "Mwanangu," alisema, "chombo hakijengwi kwa wino." Kwa kuwa mtu hukubali kwa shairi neno alilolikataa kwa maneno matupu, wiki iliyofuata nilimsomea ubeti huu:

Tezo yako mkononi, fundi usiifutike,
Kipimo cha akilini, kwa kalamu kiandike,
Na mwanao ubavuni, aone, naye ashike,
Usende nacho shimoni, taifa lihuzunike.

Aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ubeti huu umeupima kwa nini?" Nikamjibu, "Kwa mizani, Fundi, nane na nane." Akauliza tena, "Na mizani hiyo, nani alikuandikia?" Nikasema sikuandikiwa na mtu, niliipata utotoni kwa kuwasikiliza wakubwa wakisoma mashairi barazani. Akacheka, akasema, "Basi nawe ni fundi wa Chole."

Siku ile sikuwa na jibu, na msomaji akiona kwamba mzee alinishinda, mimi pia naona hivyo. Masikio na macho hufundisha mambo ambayo karatasi haiyawezi. Lakini niliporudi nyumbani nilifikiri juu ya mtepe, kile chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Mitepe ilisafiri mwambao huu kwa karne nyingi, kisha ikatoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 mmoja ulijengwa upya Unguja kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, na kazi ikawa ya kufufua, kwa kuwa mlolongo wa mafundi waliorithishana ulikuwa umekatika. Nilimrudia mzee nikamwambia, "Fundi, shairi husikiwa na baraza nzima, na mmoja akifa wako kumi waliosikia. Tezo yako inasikilizwa na wawili." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akakubali kwa sharti moja: kamba ya kupimia ishikwe na mwanafunzi wake, isishikwe na mimi.

Sharti hilo lilikuwa na hekima kuliko ombi langu. Kijana yule, pamoja na mwalimu mmoja wa sekondari na wanafunzi wachache, walikipima chombo siku nne. Kilikuwa mashua yenye urefu wa pima nne, iko juu ya magogo, mbao zake bado hazijatiwa mafuta. Kila baada ya dhiraa moja walishusha timazi na kupima umbali kutoka kamba ya katikati hadi ubavu. Jambo la kwanza lililoandikwa pembeni mwa karatasi lilikuwa hili: dhiraa ya Fundi ni sentimita 47. Kwa mstari huo mmoja mkono wa mzee uliingia katika kipimo cha wote.

Mchoro ulipokamilika, kijana alimsomea mzee kwa sauti, kwa kuwa macho yake hayakuweza tena kuifuata mistari. Aliridhika na vipimo, kisha akauliza, "Mti mmeuandika wapi?" Tulitazamana. Umbo lilikuwapo lote, lakini hapakuwa na neno lolote la kueleza kwamba taruma lile litoke katika tawi lililopinda lenyewe, wala upande upi wa ubao utazame bahari. Kiwandani tulikuwa na mahali pa kuandika mali ya kutengenezea. Tukafanya vivyo hivyo. Kila sehemu iliandikwa jina lake la Kiswahili na sifa ya mti wake kama mzee alivyotamka. Mchoro mmoja umebaki kwa kijana, mwingine uko shuleni. Mzee hashiki tezo tena, ila huletwa ufukoni kuketi kivulini. Kijana amekwisha kujenga mashua moja tangu wakati huo, na kwa maelezo yake aliufungua mchoro mara mbili tu. Mara zote nyingine alimuuliza mzee.

Kwa hiyo nasema kwamba usanifu huhifadhiwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni karatasi, na pasipo karatasi ujuzi huishia katika kaburi la mwenyewe. Mkono wa pili ni mwanafunzi, na pasipo mwanafunzi karatasi huishia kufungia karanga. Mafia nimeona jinsi tunavyoweza kukosa wa kwanza, na bara nimeona jinsi tunavyoweza kukosa wa pili.

Walimu wanaweza kuanza bila kungoja mitambo ya gharama. Kitu cha nyumbani kiletwe darasani, kipimwe, kichorwe kwa kutazamwa mbele, juu na ubavuni, kiandikwe majina ya sehemu zake kama wazee wanavyoyataja, kisha liulizwe swali gumu kuliko yote: kwa nini kiko hivi, kisiwe vingine? Mwanafunzi aliyezoea swali hilo, akifika siku moja katika ofisi ya usanifu Arusha au Dar es Salaam, hatakuwa mgeni. Atakuwa amekwisha kujua kwamba mashine ni fikra iliyovaa chuma, na kwamba babu zake walikuwa na fikra. Na kwa kuwa si kila shule iko karibu na jahazi, wenye mbuzi ya nazi nyumbani waanze na hiyo kesho asubuhi.